Siku Kipaza Alipotema Misumari

Fundi huyu wa makochi watu hawakumjua kwa makochi, walimjua kwa sauti. Kila asubuhi kipindi cha maoni ya wasikilizaji kikianza redioni, yeye ndiye wa kwanza kupiga na wa kwanza kupokelewa, liwe suala la nauli, la mpira, au la walimu kuchelewa kazini. Hakuna asilolijua, huyo. Mtangazaji akambatiza jina la Kipaza, na jina likaganda. Akiingia dukani kununua gundi, akisema tu habari za hapa, watu wanageuka: aa, kumbe ndiye wewe!

Wakati pekee aliokaa kimya ni pale alipogongelea kitambaa kwenye mbao, kwa sababu alibana misumari midogo midomoni na kuitoa mmoja mmoja. Mkewe aliwaambia majirani kwamba ndoa yake imeshikiliwa na misumari ile. Kipaza mwenyewe alicheka. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu mwema mwenye domo.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, mwalimu wa chekechea, aliyeolewa kwa watu wanaojiheshimu, nyumba ambayo mama mkwe akikohoa wote wanasimama. Mwaka uliopita binti alishika mimba. Kipaza akachukua kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kochi la mteja, akashona kigodoro cha mjukuu, akakijaza sponji nzuri kuliko ya kochi lenyewe. Mimba ilipoingia mwezi wa saba, picha za hospitali zikaonyesha kwamba fuvu la mtoto halikufunga na ubongo haukuumbika. Akizaliwa hai, walisema madaktari, ni wa saa chache tu. Binti na mumewe walilia, wakauliza, wakaenda kumuuliza daktari mwingine, na mwisho wakaomba mimba ikatishwe. Sheria iliruhusu. Ukweni wakaambiwa mtoto amezaliwa maiti. Waliojua ukweli ni wale wawili, mama wa binti, na Kipaza.

"Baba, hili si la redioni," binti alimwambia hospitalini, amelala anatazama ukuta. Kipaza akaapa, na kiapo kilimtoka moyoni.

Sasa ukaja mswada: mimba ikishavuka mwezi wa tano isiguswe, ila mama mwenyewe awe hatarini kufa. Redio ikawa ni hilo tu. Mkunga mstaafu alisema amepokea kwa mikono yake watoto wa miezi saba, wadogo kuliko mkate, na leo wana ndevu; nani basi wa kuamua huyu aishi na yule asiishi? Kipaza alitikisa kichwa kukubali, maana yule mama alisema jambo la maana. Baba mmoja akasema serikali isiingie chumbani kwa watu. Mwingine akamjibu kwamba isipoingia, asiye na mdomo atasemewa na nani? Yalikuwa maneno mazito, na kila upande ulikuwa na uchungu wake.

Kipaza hakupiga. Mtangazaji akamuulizia hewani, jamani Kipaza wetu anaumwa? Yeye alijaza misumari mdomoni kuliko kazi ilivyohitaji. Mkewe alipomletea chai karakanani alimtazama, akaweka kikombe juu ya mbao, akaondoka.

Siku ya tatu akapiga mama mmoja mwenye sauti ya kushiba. Wanawake wa namna hiyo anawajua, alisema. Wanazunguka na tumbo miezi yote hiyo, wakichoka kulibeba wanakwenda kulitua kama mzigo, na wala hawalii. Wala hawalii! Damu ilimchemka Kipaza. Alitema misumari kiganjani, akapiga, na simu ikaingia mara moja kama kawaida yake.

"Huyo mama anasema hawalii," alisema, na sauti haikuwa ile ya siku zote. "Mimi nina mwanangu. Mtoto wake hakuwa na fuvu. Nilimshonea kigodoro, kiko hapa mbele yangu mpaka leo. Mwanangu alilia, maziwa yakimtoka na hakuna wa kunyonya. Tungeni sheria mnayoitaka, lakini msiseme hakulia."

Mtangazaji, ambaye hulipwa kwa kusema, akaweka wimbo. Kisha simu zikamiminika, na zilikuja kwa upole. Yule mkunga alirudi hewani akasema msimamo wake ni uleule, lakini huyo dada anampa pole nyingi. Muuza mbao wa jirani alivuka barabara kuja kumshika mkono Kipaza. Naye, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alijisikia kama baba aliyemtetea mwanawe.

Kabla ya mchana mkewe akafika, miguu peku, yeye asiyekwenda hata dukani bila viatu vya kutokea. Kipaza akaanza kumweleza kwamba hakutaja jina la mtu.

"Una watoto wangapi wewe?" mkewe akamuuliza.

Kipaza akaketi juu ya kochi la watu ambalo halikuwa na kitambaa.

Kule ukweni mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mama mkwe alizima redio, akamwita mwanawe kutoka kazini, akamuuliza mbele ya mkewe. Na yule kijana, aliyetia sahihi fomu ya hospitali kwa mkono wake, akasema hakujua lolote, kwamba na yeye alidanganywa. Binti hakumbishia. Alifunga nguo zake kwenye begi moja.

Jioni alipita karakanani. Hakukaa. Aliomba kigodoro, baba yake akampa, akakikunja na kukibana kwapani.

"Ulisema vizuri, baba," alisema. "Nilikuwa namenya viazi na mama mkwe, nikasikia, nikamwonea huruma yule mwanamke. Nikatamani kumjua. Halafu nikakumbuka ni mimi."

 Binti akaondoka kwenda kuishi kwa shangazi yake, mji mwingine, mbali, ambako redio ile inasikika pia.

Mswada bado unajadiliwa. Wanaoupinga hupiga simu wakisema, mkumbukeni yule binti wa fundi. Wanaouunga mkono hupiga wakisema, huyo tukimfungulia mlango, nyuma yake wataingia wangapi? Hakuna anayesema kwamba ni mwalimu wa chekechea, kwamba anaimba vibaya na watoto wanampenda hivyohivyo.

Kila asubuhi Kipaza hupiga simu, si redioni tena. Hupiga namba ya mwanawe. Inaita mpaka inakatika yenyewe. Anaiweka simu juu ya mbao, anatia misumari mdomoni na kuendelea na kazi.