Sura Iliyokuwa Ndani ya Gauni

Mimi ni mshonaji. Nilizaliwa upande wa Butembo katika ukoo wa wachuuzi, nikaolewa na mchuuzi, naye akanileta Bihambwe, huku Masisi, alikofungua duka la chumvi, sabuni na betri. Mashine yangu niliiweka kwenye baraza ya duka hilo. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikuwa mtoto, wala mgeni wa kazi, wala mtu aliyeponzwa na mwingine. Nilichofanya nilikifanya kwa mikono yangu, mchana kweupe.

Jirani yangu wa kwanza alikuwa mama mkulima, wa familia iliyolima vilima hivi tangu enzi za mababu zao. Nilipofika sikumjua mtu. Mvua ya huku ilinitia homa wiki ya kwanza tu, na mume wangu alikuwa njiani na gari la mizigo. Mama huyo aliniona sijafungua mlango siku mbili, akaingia bila kubisha, akanipikia uji, akanifulia hadi nguo za ndani. Nilipojifungua binti yangu, yeye ndiye aliyesimama kanisani kama marreni wake, mama wa ubatizo. Aliniita dada. Wanawake wengine wa hapo Bihambwe aliwaita mama wa fulani na mama wa fulani, lakini mimi nilikuwa dada, na nilijivunia neno hilo kuliko nilivyojivunia duka.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa aibu yangu ilikaa wapi. Kila zinapokuja kampeni, watu wa siasa hugawa vikwembe, yaani vitenge, vyenye sura zao. Vitambaa hivyo vina sheria zake, na mshonaji yeyote anazijua. Kichwa hakikatwi. Sura haigeuzwi miguu juu. Haiwekwi mahali pa kukalia, labda mteja mwenyewe aombe, na wako wanaoomba. Mwanaume mmoja wa Nyamitaba aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu umuweke nyuma, chini kabisa, nimukaliye vizuri." Nilimshonea, tukacheka hadi machozi. Basi ukikata kitambaa cha namna hiyo unapoteza kingi, maana makasi lazima yazunguke kichwa, yaache masikio, yaache tai. Baada ya miaka, mikono inafanya hivyo bila kukuuliza.

Mwaka mmoja kilikuja kikwembe cha mtu mkubwa wa kwetu. Nasema wa kwetu kwa sababu picha yake ilitundikwa sebuleni kwa baba yangu. Baba aliwahi kumpa mkono, na siku ile alikula kwa kijiko asiuoshe. Mume wangu aliletewa marobota mawili ya kugawa, na yaliyobaki nikayarundika chini ya mashine.

Jirani yangu aliyaona. Alikuwa amekuja kukunjiwa pindo la sketi, akaketi kwenye kigoda, akaitazama ile sura kwa muda mrefu.

"Dada, huyu muntu unamujua?"

"Namujua," nikasema. "Alitusaidia sana kule kwetu."

"Siye tunamujua kwa masikiyo. Alisemaka mu redio asema siye batu ba huku tutoke. Haikupita hata juma moja, nyumba zetu zikawaka. Tukakimbia upande wa Walikale. Kaka yangu njo alikuwa nyuma na mbuzi. Mpaka leo."

Hawakuupata mwili. Mama yao alikuwa bado anamtengea sahani, miaka yote hiyo.

Nikasema pole. Kisha nikainama kwenye mashine nikakanyaga pedali kwa nguvu kuliko pindo lilivyohitaji. Sikumbishia, na sikumwamini sawasawa. Nilijiambia kwamba redio zina maneno mengi, na kwamba huenda mtu mwingine ndiye aliyesema. Nilimwamini mtu wa pichani kuliko mtu aliyenifulia nguo zangu.

Baada ya hapo ukaja ule ubishi wa barazani. Mwalimu wa sekondari alipita akiwa amevaa fulana ya mitumba, nyekundu, yenye sura ya mkubwa mmoja wa ng'ambo. Muuguzi aliyesomea nje akamwambia, "Mwalimu, ukiingiya na hii kwao, batakupiga mu barabara. Nusu ya inchi inamupenda, nusu inamutapika."

"Kwao," mwalimu akajibu. "Huku iko nguo ya kulimia viazi. Mie nilitafuta koton, sikutafuta sura."

Watu wakagawanyika. Mmoja akasema kosa ni la mvaaji, mwingine akasema ni la mwenye macho makali. Mimi, ambaye mdomo wangu haujui kukaa nje ya jambo, nikadakia, "Nguo iko nguo! Ule muzee haiko ndani. Iko rangi tu, utaifula itaisha."

Wote wakacheka. Jirani yangu, aliyekuwa akichambua mboga kwenye ngazi, hakucheka.

"Na ile nguo ya ule kaka wa pikipiki, dada? Ulikatala juu ya nini kuishona?"

Alinishika hapo. Miezi michache nyuma dereva wa pikipiki aliniletea fulana iliyochanika bega, yenye sura ya mtu ambaye watu wa kwetu tukimsikia tu tunatema mate. Nilimrudishia bila hata kuikunjua. Nilimwambia sindano yangu haimjui huyo.

"Ile iko ingine," nikasema.

"Ingine namna gani?"

"Ule muntu alituumiza."

"Ah. Njo pale," akasema, akaendelea na mboga zake.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza nikafikiri. Niliona haya kidogo, lakini ilikuwa haya ya mtu aliyeshindwa mabishano, na dawa yake niliijua: nilinuna hadi jioni.

Mwaka uliofuata familia yake iliamua kumlilia kaka yao. Walikuwa wamechoka kungoja. Kungekuwa na misa, kisha watu wakutane nyumbani kwao, sahani ile iondolewe mezani, matanga yaishe. Alinipa heshima ya kumshonea gauni lake jeusi. Kitambaa alikitoa kwa shangazi wa Muheto, kizito, kizuri kwa macho, lakini kikali.

"Utiye dublire, dada," aliniambia, yaani kitambaa cha ndani. "Hii inaniwasha sawa upupu. Sitaki nikuwe najikuna mu misa ya kaka."

Nikamwahidi kitambaa cheupe, laini. Kilikuwa kwenye gari la mume wangu, na gari lilikuwa limezama kwenye matope huko njiani. Ikabaki siku mbili. Ikabaki moja. Ningeweza kumwambia ukweli, naye angevaa lile gauni hivyo hivyo au angenipa shuka yake kuukuu niikate. Lakini mimi fundi mwenye jina, niseme sina kitambaa? Nikaangalia chini ya mashine. Kikwembe cha bure, pamba safi, laini.

Nilijua. Naomba nisiliruke neno hili. Niliikunjua sura ile mezani, na nilikumbuka mbuzi, redio, Walikale, vyote. Nikajiambia kwamba ndani hakuna anayeona. Tena kilikuwa kitambaa cha rangi hafifu, kilichochapwa upande mmoja, nyuma yake karibu cheupe. Nikakigeuza, uso ukautazama ule weusi, mgongo mweupe ukatazama ngozi ya mvaaji. Nikashona haraka, mshono mzuri sana.

Asubuhi ya misa alikuja kulichukua. Alilivaa palepale nyuma ya pazia langu, akatoka akijipapasa mabega.

"Iko laini," akasema. "Aksanti sana, dada. Leo haitaniwasha."

Akanikumbatia. Nilihisi kifua chake kwenye kifua changu, na nikajua ni nani aliyekuwa katikati yetu.

Kanisani nilikaa nyuma yake. Padri alipolitaja jina la kaka yake, aliweka kiganja kifuani, akakikandamiza hapo hadi sala ilipoisha. Mimi ndiye niliyekata gauni lile. Nilijua kiganja kimelala juu ya nini. Nilitamani benchi linimeze, lakini sikuinuka, na kwenye kilio nilikula maharage yao na viazi vyao, nikawasaidia hata kuosha vyombo.

Kila mteja wangu wa nguo nyeusi nampa maelekezo yaleyale: ukifua, anika ndani nje, jua lisile rangi. Nilimpa na jirani yangu. Naye hakuwa mtu wa kupuuza maneno ya fundi wake. Siku tatu baada ya misa alilifua gauni, akaligeuza, akalianika kwenye kamba mbele ya nyumba. Kitambaa hafifu kikilowa hakifichi kitu. Mama yake, ambaye miguu haimbebi tena, alikuwa ameketi uani akichagua maharage ya mbegu. Aliinua macho. Majirani waliniambia baadaye kwamba bibi yule hakupiga kelele. Aliuliza tu, mara mbili, huyu muntu anatafuta nini tena kwao.

Jirani yangu alikuja mchana, gauni ndani ya beseni, bado likichuruzika. Alilitoa gauni, akaliweka juu ya mashine, juu ya kazi ya mtu mwingine.

"Dada, huyu njo nani?"

Bado ningeweza kuokoa kitu. Badala yake nikashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu Mariya! Mie sikumuona! Kitambaa kilikuwa mu ile fungu, nilikata haraka haraka, unajua siku zilikuwa zimeisha. Sikumuona hata kidogo, dada."

Alinitazama. Nilidhani nimeaminiwa, na nilifurahi. Hilo nalo lazima nilikiri.

"Fumua," akasema.

Nikachukua wembe. Nilifumua mshono wa bega, wa kwapa, wa kiuno, yeye, beseni mkononi, amesimama karibu hivi kwamba maji ya beseni yalinidondokea miguuni. Kitambaa cha ndani kikatoka. Akakichukua kutoka mikononi mwangu, akakigeuza, akakitandaza mezani kwa viganja.

Sura ilikuwa nzima. Ilikuwa wima, katikati kabisa ya kifua, kuanzia paji la uso hadi fundo la tai. Pale ambapo ukingo wa shingo ungepita kwenye nywele zake, nilikuwa nimeupandisha mkato kidogo pembeni ili usimguse. Pale penye kwapa nilikuwa nimeliruka sikio. Hata nilikuwa nimeunga kipande cha kiraka upande mmoja, kazi ya ziada ya nusu saa, kusudi kichwa kisipasuke. Mikono yangu ilifanya yote hayo bila kuniuliza. Kaka hawakumpata hata kumzika, nami nilikuwa nimemshonea dada yake adui mzima, nadhifu, asiye na mkwaruzo.

Alipitisha kidole taratibu kuzunguka lile sikio.

"Kama haukumuona," akasema, "juu ya nini makasi yako ilimuona?"

Mwalimu alikuwa anapita barabarani, akatusalimu kwa furaha, akaenda zake.

"Nilimuona," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa ameitarajia. Akaanza kulikunja gauni, majimaji hivyo hivyo. Ndipo nikaanza kuropoka: gari limefika, kitambaa cheupe kipo, ninakishona leo leo, aketi kidogo tu, ninaanza sasa hivi. Nilikwisha kukivuta kutoka kwenye rafu. Kilikuwa kizuri kweli.

"Acha," akasema. "Acha iniwashe, mama."

Akaondoka na beseni. Neno la mwisho lilinichukua muda kulisikia.

Hakunichukia hadharani, na pengine ingekuwa nafuu. Binti yangu bado anakwenda kwake, maana marreni hamuachi mtoto wa ubatizo, na hurudi na mahindi ya kuchoma na mdomo mweusi wa masizi. Simuulizi wamezungumza nini. Tukikutana barabarani ananisalimu: bonjour mama, habari ya kazi, mama. Vikwembe vya kampeni sivishoni tena, na mume wangu anadhani nimechukia siasa.

Gauni lile hulivaa kila misa ya kumkumbuka kaka yake. Halijawahi kutiwa kitambaa kingine. Mimi huketi mabenchi mawili nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, na kila padri anapolitaja lile jina namwona akiinua mkono, akaupitisha chini ya kola, akajikuna.