Pipa Zito la Namba Kumi na Nane

Saa moja kasoro asubuhi, lori la taka linakata kona kuingia Mtaa wa Cobden, na Dale Horsfall anaruka chini kabla halijasimama. Anavuta pipa la namba kumi na mbili, la kumi na nne, la kumi na sita. Akifika namba kumi na nane anabadilisha mkao, anapanua miguu na kulivuta kwa mikono miwili.

"Zito?" anauliza dereva, Trev Lofthouse, akichungulia dirishani.

"Zito kama wewe," anajibu Dale. Barakoa haifichi tabasamu lake.

Si kawaida kumkuta mzoa taka akifurahia pipa zito. Lakini kwa Dale, mwenye umri wa miaka 44, kila kilo inayotoka katika nyumba hii inamsogeza karibu na jambo moja tu: kulala tena chini ya paa moja na binti yake.

Tangu mwishoni mwa Machi, korona ilipoingia Skelby, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, Dale analala ndani ya gari lake.

Binti huyo, Keeley, ana miaka 16. Alipandikizwa figo akiwa na miaka 13, na dawa anazomeza kila siku hupunguza kinga ya mwili wake. Daktari aliagiza asitoke nje, na asikae pamoja na mtu anayeingia na kutoka. Dale, aliyemlea peke yake tangu akiwa na miaka minne, huingia na kutoka kwa sababu ndiyo kazi yake. Ofisi zilifungwa, shule zikafungwa, baa zikafungwa, lakini taka ziliongezeka.

Nyumba yao, wanayopangishwa na halmashauri ya mji kwa kodi nafuu, ina chumba kimoja cha kulala, sebule anakolala Dale, na choo kimoja. Iko chini kabisa ya jengo la ghorofa, na dirisha la jikoni linatazama maegesho ya magari. Kila jioni, baada ya kuoga kazini, Dale huegesha gari mbele ya dirisha hilo. Keeley humwekea sahani kwenye kizingiti cha nje, anafunga dirisha, kisha wanakula wakitazamana kupitia kioo na kuzungumza kwa simu.

"Baba, unatafuna kama lori lako," Keeley humwambia.

"Na wewe unapika kama hospitali," Dale hujibu.

Alikuwa ameomba nyumba kubwa zaidi tangu mwaka 2016. Halmashauri ilikuwa ikitangaza nyumba zilizo wazi kila Alhamisi, na waombaji wakichagua wanayoitaka na kusubiri kupangiwa. Mwezi Februari mwaka huu alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya nyumba moja ya vyumba viwili. Alhamisi ya mwisho ya Machi hapakuwa na tangazo. Kaunta ya makazi ilifungwa, na simu ikawa ya dharura tu.

"Nikawaambia nalala kwenye gari," anasema Dale. "Dada wa watu akaniuliza, una nyumba? Nikasema ninayo. Akasema basi hiyo si dharura. Hakukosea. Karatasi zake ndivyo zinavyosema."

Kupanga kwa mtu binafsi kulimshinda. Baada ya makato anabaki na takriban pauni 1,600 kwa mwezi, na nyumba ya vyumba viwili ilidai pauni 650 pamoja na amana. Isitoshe, wakati ule hakuna mwenye nyumba aliyekubali kumwingiza mgeni kuangalia vyumba.

Ikabaki njia moja ambayo wapangaji wa halmashauri huitumia tangu zamani: kubadilishana. Ukimpata mpangaji anayetaka nyumba yako, nawe ukaitaka yake, halmashauri inaweza kuwaruhusu mhamiane. Kilichohitajika ni kumpata mtu huyo katika mji ambao kila mlango umefungwa.

Hapo ndipo Dale alipoanza kuyatafakari mapipa.

Miaka kumi na tisa ya kazi imemzoesha kujua mengi bila kuuliza. Pipa la nyumba yenye mtoto mchanga lina uzito wake. Nyumba iliyofiwa hutoa nguo, nyingi kwa mara moja. Kazini kuna desturi kwamba pipa likikuambia kitu, kinabaki ndani ya lori, na Dale anasema hakuwahi kuivunja. Lakini la namba kumi na nane lilimkaa kichwani. Lilikuwa jepesi mno. Wiki nyingine lilikuwa na mfuko mmoja, wiki nyingine halikutolewa kabisa.

"Nikajisemea, huyu bibi yuko peke yake na vyumba vitupu," anasema.

Anayeishi humo, mpangaji wa halmashauri pia, ni Audrey Sellars, mjane wa miaka 79 aliyepakua chakula katika shule ya msingi ya Skelby kwa miaka mingi. Kila Jumanne husimama dirishani kuwapungia mkono wazoa taka. Jumanne moja ya Aprili, Dale alisimama getini na kupaza sauti.

"Bibi Audrey! Nyumba yote hiyo, hujaichoka?"

"Kwani umeniletea mchumba?"

"Nimekuletea nyumba isiyo na ngazi."

Bibi huyo alifungua dirisha. Magoti yake yalikuwa yameharibika, na kitanda na bafu vilikuwa juu. Alikuwa ameomba nyumba ya chini mwaka uliotangulia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na choo cha pili kando ya jikoni. Kwa Dale hilo lilikuwa muhimu kuliko vyumba: mmoja angeishi juu na mwingine chini, bila kushika kitasa kimoja.

"Ngoja uone kwanza," alisema Bibi Audrey, akaenda kufungua mlango. Dale, akiwa getini, aliona kwa nini pipa lilikuwa jepesi.

Ukumbini hapakuwa na pa kukanyaga. Mumewe, Wilf, alikuwa fundi wa kutandika mazulia, na kwa miaka arobaini hakutupa kipande kilichobaki. Vipande hivyo viliviringishwa na kupangwa hadi darini, ukumbini, sebuleni, na katika chumba cha kulala cha pili. Kila kipande kilifungwa kamba yenye kibandiko chenye jina la mteja aliyetandikiwa zulia hilo. Wilf alifariki miaka sita iliyopita. Hakuna kilichotoka.

"Nimeyasoma mapipa maisha yangu yote," anasema Dale. "Lile nililisoma kinyume. Lilikuwa jepesi kwa sababu nyumba imejaa."

Hata hivyo walikubaliana kubadilishana, na halmashauri ikajibu kwa simu kwamba haina pingamizi, ila mkaguzi lazima aone nyaya na mabomba ya gesi, na kwa hiyo kuta zionekane. Wakaguzi wangerudi kazini wakati wa kiangazi. Lakini dampo la mji lilikuwa limefungwa, na gari la kubeba vitu vikubwa lilisimamishwa. Kilichobaki ni pipa lile lile, mara moja kwa wiki, kifuniko kikiwa kimefungwa. Mzoa taka anayepakia ziada bila kibali hufukuzwa kazi.

Bibi Audrey alichukua kisu cha mumewe na kuanza kukata. Jumanne ya kwanza alijaza kupita kiasi, na kifuniko kikasimama. Trev alishuka, akakitazama, akarudi kwenye usukani bila kulibeba.

"Wewe Trevor!" bibi alipaza sauti kutoka dirishani. "Nimekupakulia viazi tangu huna meno ya mbele, leo unanikatalia pipa?"

"Viazi vyako ndivyo vilivyonipa ukaidi, Bibi!"

Dale anakiri kwamba alikasirika, na kwamba hawakusemezana hadi mwisho wa zamu. Kwa mwendo ule, kazi ingeisha baada ya Krismasi. Lakini walipokuwa wakiosha mikono, Trev ndiye aliyeanza.

"Sheria inasema kifuniko kifungwe," alisema. "Haisemi taka ziwe za nani. Mtaa mzima una mapipa, kaka."

Jirani wa namba kumi na sita alikubali kwanza, kisha wa namba ishirini. Kufikia mwisho wa Mei, mapipa kumi na moja ya Mtaa wa Cobden yalikuwa yakibeba mazulia ya Wilf chini ya taka za wenyewe. Bibi Audrey huweka vipande ukutani nje ya nyumba, na jirani hupita kuchukua. Wengine husoma vibandiko na kusimama. Mwanamke mmoja alikuta zulia la kijani la ngazi za marehemu mama yake, akalirudisha nyumbani.

"Hivyo si vya kutupa, ni vya watu," anasema Bibi Audrey. "Sikujua nivirudishe vipi. Sasa wanakuja wenyewe."

Anaulizwa kama anaumia kuviona vikikatwa. "Naumia nikipanda ngazi," anajibu.

Sasa ni Julai. Ukumbi uko wazi, sebule iko wazi, na chumba cha pili kimebaki nusu. Mkaguzi amepangwa kuja wiki ya pili ya Agosti. Akiridhika, watahamiana mwishoni mwa mwezi huo. Asiporidhika, wataingia foleni ya ukaguzi upya, na hakuna anayejua foleni hiyo ina urefu gani. Usiku wa Skelby huanza kuwa na baridi kali mwezi Oktoba, na Dale hajajaribu kulala ndani ya gari wakati wa baridi.

Keeley amekwisha kuchagua chumba cha juu. Hajakiona ila kwa picha, na ameshampa baba yake masharti: asikorome, na asipande juu bila kuitwa.

Na Dale mwenyewe? Anasema amepanga jambo moja tu. Jumanne ya kwanza katika nyumba hiyo atakuwa zamu kama kawaida, na pipa la namba kumi na nane litakuwa lake. Ndani yake ataweka sponji anayolalia ndani ya gari. Sponji hiyo ni ndefu, na Trev ameshamwonya kwamba kifuniko kikisimama ataliacha hapo hapo, rafiki au si rafiki.

"Kwa hiyo nitaikata vipande vinne," anasema Dale, akipanda tena nyuma ya lori. "Bibi Audrey ameahidi kuniachia kisu."