Jumamosi Alizocheza Yeye

Kuna duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii ambalo mwenyewe ni mzee Mhindi, amezaliwa pale pale ghorofani, na Ekegusii chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Juu ya mizani ya kupimia misumari ametundika picha ya beki wa kati aliyeinua kombe. Ana utepe wa unahodha mkononi na meno yote nje. Upande wa kushoto, pale fremu inapoishia, kinaonekana kiwiko cha mtu. Kiwiko hicho ni changu.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa akitununulia jezi enzi hizo, na siku moja nilimuuliza mbona mimi sipo. Akaniambia bila ubaya wowote kwamba picha ilikuwa pana kuliko fremu. "Ilibidi nikate kidogo tu, bwana," akasema, akaendelea kupima misumari. Hicho kidogo alichokata ni mimi mzima. Bado nanunua misumari kwake, na kila nikiingia nakitazama kiwiko changu kabla sijasalimia watu.

Mwenye kombe ni mtu wa Nyakoe. Mimi ni wa Kebirigo. Tulikutana katika timu moja ya mjini tukiwa vijana, tukawekwa pamoja katikati ya ngome, na tangu hapo tukawa tunaitana omogaka, yaani mzee, kabla hata ya kuota ndevu. Kazi tuligawana bila kukaa kikao. Yeye alikuwa wa kuruka, mimi wa kubaki. Mpira mrefu ukija, anaupanda hewani kabla ya fowadi, anaupiga kichwa. Akiukosa, mimi niko nyuma yake nausafisha. Mimi pia ndiye niliyekuwa mdomo. Nikipiga kelele "Tiga!", aliacha. Nikisema rudi, alirudi bila kugeuka kuangalia kuna nini. Timu za Nairobi hazikujua tunasema nini, zikadhani tunatukanana.

Sasa niambie, nani amewahi kutoka nyumbani kwenda kutazama mtu akibaki? Watu walikuja kuona kuruka. Walitafuna miwa yao wakaimba jina lake, na mimi nikatoka uwanjani na jezi chafu zaidi ya yake. Nilimwonea wivu. Nalisema wazi kwa sababu kila mtu alilijua, pamoja na yeye. Makondakta walikuwa wakinipigia kelele barabarani, "Mwenye wivu ajinyonge!", na abiria wanacheka.

Lakini kuruka kwake ningekuvumilia. Kilichonimaliza ni Jumamosi.

Nyumbani kwetu Jumamosi ni Sabato. Mama yangu ni shemasi, na tangu jua likitua Ijumaa hakuna kukata majani ya ng'ombe, hakuna kuchuma chai, hakuna kuwasha moto wa kupika kisichopikwa. Mpira ndio usiseme. Nilipoanza kuchezea timu ya mjini nilimpa mama neno langu kwamba Jumamosi nitakuwa kanisani, na neno hilo sikulivunja. Ligi kwa upande wake ilipanga mechi Jumamosi na Jumapili jinsi ilivyopenda. Basi mimi nilikuwa beki wa Jumapili. Mwenzangu ni Mkatoliki. Jumapili aliwahi misa ya kwanza, akapiga goti, akala chapati na chai, na saa tisa alikuwa uwanjani ametulia. Mungu wake alikuwa na ratiba nzuri kuliko wangu, na hilo pia nilimwonea wivu.

Ng'ambo ya barabara kutoka kanisani kwetu kulikuwa na fundi cherehani asiyeshika dini yoyote, na redio yake haikuzimwa. Katikati ya wimbo na wimbo sauti ya mtangazaji ilituingilia dirishani. Nilijua wamemshusha kiungo mmoja anizibie pengo, na nilikuwa nikifumba macho na kumwomba Mungu wafungwe. Si mengi, matatu tu yangetosha watu waone ni nani hufanya kazi pale nyuma. Hawakufungwa. Mara nyingi walishinda, na mara nyingi aliyefunga kwa kichwa kutoka kwenye kona ni yeye. Waumini wenzangu wakisema amina, mimi nasaga meno.

Wale wanaochagua wachezaji wa timu ya taifa walikuja Kisii siku ya Jumamosi. Nilipata habari Jumatatu, sokoni Daraja Mbili, nikiwa nimeinama kwenye lundo la mitumba natafuta njumu za mguu wangu. Muuzaji aliniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi? Mwenzako amebebwa." Niliinuka na kiatu kimoja mkononi. Cha pili sikukitafuta tena.

Yeye akaenda Nairobi, akachezea timu kubwa, akavaa jezi ya taifa, akapanda ndege. Mimi nikabaki na Jumapili zangu mpaka goti langu la kulia lilipokataa. Mama alikuwa akinipigia simu: "Mwenzako yuko kwa televisheni. Njoo umuone, amenona." Sikuwahi kwenda. Mama yangu mzazi, aliyenizuia nisionekane, alikuwa shabiki wa yule aliyeonekana.

Goti lilipoisha nikawa kocha, maana sikujua kazi nyingine isipokuwa chai na ndizi. Nilikusanya vijana wa Nyamira katika kiwanja cha shule karibu na Kebirigo, kiwanja chenye mteremko, ambapo timu inayoshambulia kuelekea barabarani ina faida ya kilima. Nilijitengenezea magoli mwenyewe. Ndiyo maana ya misumari. Tulipanda daraja polepole. Na nilipoanza kusikia watu wakiniita kocha bila kucheka, mwenzangu akarudi kutoka Nairobi na cheti cha ukocha na gari jeupe, na timu ya mjini Kisii, timu yetu ile ile, ikampa benchi hata kabla hajashusha mizigo. Benchi hilo nililitaka. Nililitaka sana, na viongozi walijua ninalitaka. Mmoja wao aliniambia kwa heshima, "Kocha, wewe tungekuchukua, lakini Jumamosi tutafanya nini na wewe?"

Ndipo msimu uliopita timu yangu na timu yake zikamaliza sawa kileleni. Ikabaki mechi moja ya kuamua nani apande ligi ya juu. Msimu mzima tulikuwa tumepangiwa Jumapili. Uwanja wa mechi hii ni wa mjini. Siku ni Jumamosi.

Niliwaambia vijana wangu. Nusu yao ni Wasabato, pamoja na kipa na fowadi wangu wa kutegemewa. Fowadi ndiye aliyesema, "Kocha, Sato mimi siwezi. Mathe atanifukuza home." Na mwenyekiti wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinivuta kando akasema tusipofika uwanjani tumepoteza, na tukipoteza hivyo atatafuta kocha mwingine, mtu wa siku zote saba. Nikaenda kwa msimamizi wa ligi. Hakunifukuza. Alisema yeye hana shida na Jumapili, mradi kocha wa upande wa pili akubali kwa mdomo wake.

Kocha wa upande wa pili! Wiki nzima sikupata usingizi mzuri. Ningeweza kumwomba mtu yeyote Gusii nzima, hata adui, lakini si yeye. Niliyaona meno yale ya kwenye picha. Nilijua atacheka, kisha atasema ratiba ni ratiba, kisha atapanda ligi ya juu bila kutoka jasho, na mzee wa duka atanunua fremu nyingine. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ya Jumatano nikapanda pikipiki mpaka Nyakoe.

Nilimkuta nje ya nyumba yake mpya, amevaa gambuti, anakata ndizi zilizokomaa kabla ya mvua. Hakushangaa kuniona.

"Omogaka," akasema. "Ingia ndani unywe chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kwa ile mechi."

"Unataka Jumapili."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima: habari za vijana, habari za haki, hata kifungu cha maandiko. Hakunipa nafasi ya kutumia hata moja. Alijipangusa mkono kwenye suruali, akatoa simu, akampigia msimamizi nikiwa nimesimama pale pale. "Sisi Jumapili ni sawa," akasema. "Ndiyo. Saa tisa. Haya, asante." Kisha akaurudia mgomba wake.

Sikushukuru vizuri. Nilisema "haya" na kuondoka, na chai yake sikuinywa. Njiani nilikasirika kuliko kama angenikatalia. Alikuwa ametoa kirahisi mno, kama mtu anayempa ombaomba chenji ambayo hata yeye hana haja nayo. Mtu hutoa hivyo anapokuwa na hakika hawezi kushindwa. Nikasema moyoni, ngoja.

Na nilikuwa na sababu ya kusema ngoja. Nilikuwa nimeitazama timu yake mara nyingi, Jumapili ambazo sisi hatukucheza, nikiwa nimejificha nyuma ya mashabiki, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mabeki wake wawili wa kati walikuwa wazuri, na wote wawili walikuwa wa kuruka. Alikuwa amewafundisha alichokijua. Mpira mrefu ukija, wanapanda pamoja, na nyuma yao kunabaki nyasi tupu. Miaka yote aliyocheza hakujua kwamba kuna kazi pale nyuma, kwa sababu kila alipogeuka alikuta imeshafanywa. Hata Nairobi lazima alipewa mtu wa kubaki. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu mpaka mtu aliyekaa mbele akageuka.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Mama yangu alikuja. Hajawahi kuniona nikicheza maisha yake yote, lakini siku hiyo alivaa kitambaa chake cha kanisani, akabeba mwavuli na ndizi mbivu kwenye mfuko, akakaa upande wetu katikati ya vijana waliokuwa wakipiga vuvuzela. Kila mpira ukiruka juu alishtuka na kujishika kifua.

Fowadi wangu nilimwambia neno moja tu: usiruke nao, subiri nyuma yao. Kipindi cha kwanza hatukupata kitu, na kwenye benchi la upande wa pili niliona meno yakicheka. Kipindi cha pili kipa wangu aliupiga mpira mrefu. Mabeki wote wawili wakapanda. Mmoja akaugusa kwa nywele tu, ukapita nyuma, na fowadi wangu alikuwa amesimama pale peke yake. Nilijikuta nimefungua mdomo kupiga kelele ya kumwonya beki wa timu pinzani. Mazoea ni kitu kibaya. Niliuziba mdomo kwa mkono, na mpira ukaingia golini.

Ikaisha hivyo. Tulipanda sisi. Vijana wakanibeba, goti langu likalalamika, na nikiwa juu mabegani niligeuza shingo kumtafuta yeye, maana ushindi wangu ulikuwa haujakamilika mpaka nimwone uso.

Nilimwona. Alikuwa amezungukwa na watu wa redio. Walikuwa wamemwekea vinasa sauti mdomoni wakimuuliza ilikuwaje akakubali kubadilisha siku akijua inaweza kumgharimu, na mmoja alikuwa akisema hapo ndipo tunamwona mwanamichezo wa kweli. Nilishushwa chini, na hakuna redio iliyonijia. Nimeshinda mechi, yeye ameshinda watu! Kisha nikamwona mama yangu akivuka uwanja na mwavuli wake, akawapita vijana wangu, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwake. Akampa ndizi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia.

Nilisimama pale na medali shingoni nikiona wivu wa ndizi.

Baadaye, mashabiki wakitoka na mvua ya kawaida ya jioni ikianza kudondoka, alikuja upande wangu. Alikuwa anamenya ndizi ya mama.

"Mabeki zako wote wanaruka," nikamwambia. Sikuweza kujizuia.

"Nimeona leo. Mimi nilizoea kuna mtu huko nyuma."

Nilitaka kufurahi, furaha ikachelewa. Nikamuuliza lililonikaa kooni tangu Jumatano. "Ulikubali kwa nini?"

Alitafuna polepole. Hakuwa anacheka.

"Omogaka," akasema, "mimi nilicheza Jumamosi zako zote. Hii moja ningekunyima, ningekuangalia na macho gani?"

Mama aliniita kutoka chini ya mwavuli, twende, tunanyeshewa. Maneno hayo ya Jumamosi nilikuwa nimeyabeba mimi miaka yote, karibu neno kwa neno, nikingoja siku ya kumtupia usoni mbele ya watu. Ameyasema yeye, kwa upole, na ndizi ya mama yangu mdomoni. Hata hayo aliyarukia akayafikia kwanza, na mimi nimebaki nyuma yake pale pale ninapobakia siku zote, safari hii bila cha kusafisha.