Nilidhani Ni Haya, Kumbe Ni Moshi

Nimekosa, ndugu zangu, na sitafuti wa kunitetea. Msinionee huruma. Hata mke wangu hanionei.

Mimi ni mwanamume wa Kilungu, baba wa watoto wawili. Nina gari la Pijo 504, lile refu la viti safu tatu, nililoachiwa na marehemu baba. Wenzangu wakinunua vigari vya kisasa, mimi nilitangaza kwamba familia yangu itabebwa na klasiki. Jumapili nilikuwa naliegesha mbele kabisa ya kanisa ili watu walipige picha. Ujinga mtupu!

Gari hilo lilikuwa na kasoro mbili nilizozijua vizuri. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka chini, na raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imeliwa na jua. Raba za kawaida zimejaa madukani mjini Wote, lakini nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari ya zamani, na huko ukiweka kitu kisicho orijino unachekwa mpaka unajitoa mwenyewe. Nikasema nitangoja orijino.

"Baba Mwende, hii gari inanuka moshi," mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja.

"Hiyo ndio perfume ya classic," nikamjibu. Nilijiona mjanja!

Basi kanisa letu likaandaa ibada ya shukrani, nami nikataka mama mkwe aje kutoka kwao Kyuso. Tena ashukie pale kanisani kutoka kwa Pijo langu, watu wakiona. Sasa, kwetu Ukambani kuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamketi karibu, hamgusani, hamtazamani usoni. Mama ameokoka miaka mingi lakini nthoni hakuiacha. Alikataa gari langu. Nikasisitiza kupitia mke wangu mpaka akakubali, mradi akae safu ya mwisho, peke yake, mbali nami. Madirisha ya kule nyuma hayafunguki.

Siku ya ibada tukaenda kumchukua Kyuso. Sisi wa mbele tulifungua yetu, tukapata upepo. Njiani nikamwona mama kwenye kioo amejifunika leso, pua na mdomo. Mnajua nilifikiria nini? Eti ananionea haya! Roho yangu ikafurahi.

"Ona vile mama yako ananiheshimu," nikamwambia mke wangu, tena nikicheka.

Alikuwa anajikinga na moshi! Angesema neno moja tu ningesimamisha gari. Lakini mama wa Kikamba atamlalamikiaje mkwe juu ya gari lake? Akavumilia. Watoto nao wakaanza kusema vichwa vinawauma, nikawaambia ni njaa, tutakula tukifika Malili.

Kufika Malili, mke wangu akafungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameanguka upande, hajitambui.

"Mwaitu! Mwaitu!" akamwita mamake kwa kilio. Kisha akanigeukia. "Shika miguu tumtoe! Si ushike!"

Na hapa ndipo dhambi yangu kubwa ilipo. Nilisimama! Mikono ilikataa. Niliona mama mkwe nisiyeruhusiwa kumgusa, sikuona mtu anayekufa. Nikakimbia kuita akina mama wauza matunda waje wambebe wao. Nyuma yangu mke wangu akamvuta mamake peke yake, akamburura kwenye changarawe, huku akinitukana mbele ya watu. Haki alikuwa nayo.

Hakufa. Daktari alisema amevuta ule moshi wa sumu kwa muda mrefu na ubongo umeumia. Siku hizi anaishi kwetu. Hamkumbuki tena mjukuu wake Mwende. Na ile nthoni imemtoka kabisa. Anakuja kunikalia karibu, ananishika mkono, ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, ananiomba nimlishe uji. Namlisha. Mikono siku hizi inamgusa bila taabu, na kila nikiinua kijiko natamani ardhi inimeze.

Mke wangu analala na mamake. Akitaka kuniambia kitu, anamtuma mtoto. Wale wa kundi la WhatsApp walinipa pole, kisha mmoja akauliza kama sasa nauza gari. Aiyai!

Wenzangu mnaobeba familia kwa magari ya baba zenu, sikieni mjinga akisema. Shimo la bomba lizibe leo, mlango utie raba yoyote ile, na watakaokucheka wacha wacheke. Na ukimbeba mama mkwe, simama njiani, mtume mkeo akamuulize anajisikiaje. Usingoje akwambie. Hatakwambia.