Filamu Iliyokuja Bila Maneno

Kazi ya Sangwan pale sinema ya mji wa Udon ilikuwa kukaa kwenye kibanda chenye maikrofoni na kuwasemea watu wa filamu za kigeni, papo hapo, ukumbi ukisikiliza. Zamani walikuwa wawili: yeye wanawake na watoto, mumewe Prayong wanaume. Mwaka jana Prayong akatoroka na msemeaji mwingine, binti wa kusini, mji mzima unajua. Tangu hapo Sangwan anawasemea wote, mpaka majambazi.

Jumamosi hiyo mchana akauliza, "Maneno yako wapi?"

"Filamu imekuja, karatasi za maneno hazijaja," akasema Kasem, mwenye sinema. "Usinitolee macho, dada. Ukumbi umejaa. Ukikwama leo, kesho namleta yule bwana msemeaji wa mji wa Khon Kaen."

Mshenzi we! Na taa zikazimwa.

Kwenye skrini, mwanamke mwenye mwavuli akapanda ngazi. Juu, dirisha lenye kioo kilichopasuka, na nyuma yake uso wa mume, vipande vipande. Sangwan akashtuka. Ngazi hizi anazijua! Miaka kumi nyuma, yeye na Prayong walisemea filamu nyingine, wachezaji wengine kabisa, lakini ngazi ni zile, kioo ni kile, hata ugomvi wa bakuli la supu. Aliyeitengeneza hii aliipenda ile mpaka akawa anaiota. Basi Sangwan akaanza kuyatoa maneno ya zamani, na midomo ya wachezaji ikakubali.

Lakini je? Zitaachana wapi hizi mbili? Kila mlango ukifunguliwa, jasho. Akaingia bibi ambaye zamani hakuwepo, akabwabwaja dakika nzima. Sangwan akamtungia malalamiko ya magoti, watu wakacheka. Kaponea chupuchupu.

Hatimaye bandarini. Kwenye ile ya zamani mume anapanda meli, meli inaondoka, basi. Mume akapanda. Honi ikalia. Sangwan akashusha pumzi.

Mume akashuka.

Mungu wangu! Huyu mtengenezaji mwisho ule ulimuuma, kaamua kumrudisha mume wa watu. Na midomo ya mume ikaanza kucheza.

"Mke wangu," akasema Sangwan kwa sauti nene, na ikatoka sauti ya Prayong kabisa. "Nimerudi."

 Muuza samaki wa viti vya mbele akapaza sauti, "Usimpokee, Sangwan!" Vicheko, miluzi.

Mwanamke wa kwenye filamu akamshika mumewe mkono, akafungua kinywa. Kwa hasira na machozi, Sangwan alikuwa kashamsahau Kasem na vitisho vyake vya kazi.

"Twende ukale," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Kukusamehe sijakusamehe."

Hakuna aliyecheka. Kasem alikuja mbio, akafungua mlango wa kibanda ili amkaripie. Akamkuta kalalia meza, analia, maikrofoni bado imewashwa na ukumbi mzima unamsikia. Akaizima, akaketi karibu naye.