Mkono Uliokwama Kitengela

Kanisani kwetu Kitengela, mwalimu wa semina alikuwa ametuonya: usimguse mtoto wa mtu bila kumuuliza. Mara wamishenari wetu wakaingia kutoka Ewuaso Kedong, wanakohudumu kwa Wamaasai, wale tuliowapikia pilau ya kuwakaribisha. Binti yao mdogo akamwinamia mzee wa kanisa ili aguswe kichwa, vile watoto wa Kimaasai husalimiwa. Mkono wa mzee ukakwama hewani!

“Hutaki kunisalimia?” mtoto akauliza, karibu alie.

Mzee akachuchumaa. “Nikuguse kichwa, mami?”

“Ndio!”

Mzee akamgusa. Nami kwa furaha nikanyoosha mkono wangu. Mtoto akarudi nyuma.

“Wewe hujauliza.”

Kanisa zima likapiga makofi. Mwalimu akaruka: “Semina imeisha!”

Sijawahi kufurahia kunyimwa salamu namna hiyo.