Leso Isiyokatwa

Kahaso huuza mihogo ya kukaanga huko Bamburi, na hashtuki hata mafuta yakimrukia. Alishtuka siku alipomwogesha Sarah, mwanawe wa miaka saba, akakuta matiti yameanza kuota.

Daktari hakuzunguka. Mwili wa mtoto umeharakisha, alisema. Ipo sindano ya homoni, kila baada ya miezi mitatu, ya kuutuliza hadi umri ufike. "Uzito unaweza kubadilika. Akiongezeka mlete tumpime, tuangalie anachokula. Lakini sindano usiikatize."

Mwili ukatulia. Sarah akarudi kuruka kamba. Ila mashavu yakajaa, sare ya shule ikambana, na majirani wa kwao Kiembeni wakaona.

Rispa, wa mlango wa pili, ndiye aliyeanza, wakifua nguo uani.

"Mama Sarah, huyu mtoto unamlisha nini? Ama ni hiyo sindano?"

"Adungwa kila miezi mitatu tu," Kahaso akajibu, hana la kuficha.

Rispa akaacha kufua. "Miezi mitatu, na ananenepa? Dada, mimi nilidungwa hiyo baada ya kumzaa Griffin, nikawa kama pipa! Si ni ya kupanga uzazi?"

"Haki ya Mungu, siyo!"

"Haya. Lakini watu watauliza, mtoto mdogo hivyo anapangiwa nini."

Wakauliza. Bombani wakauliza, kanisani wakauliza. Mtaa mzima ulikuwa na macho ya kupima kiuno cha mtoto, wala haukuwa na mtu mmoja wa kumsindikiza mamake kwa daktari. Ndivyo tunavyosaidiana kulea: kwa mdomo.

Siku ya sindano ilipofika, Kahaso alikwenda kukaanga mihogo. Iliyofuata, vilevile. "Akipungua nitamrudisha," alijiambia.

Sarah hakupungua. Alirefuka upesi mno. Jasho lake likaanza kunuka kama la mtu mzima. Kamba akaiacha, akawa anakaa mlangoni amejikumbatia kifua.

Mwaka ukapita. Mama mkwe akaja kutoka Kaloleni, akamtazama mjukuu, akacheka kwa furaha. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na leso mbili zingali zimeshikana, hazijakatwa.

"Mna mwari ndani na hamkuniambia! Moja ya kujifunga, moja ya kukata vitambaa vya siku zake."

"Mama, huyu ni mtoto. Ana miaka tisa."

"Mwili haujui kuhesabu, mwanangu."

Kahaso aliisukuma leso chini ya kitanda. Usiku ule aliapa: kukicha, waseme watakavyo, Sarah atarudi hospitali.

Asubuhi alimwamsha. Sarah hakutaka kuinuka. Alivuta shuka hadi shingoni, akanong'ona:

"Mama, nimejikata. Lakini sioni wapi."

Kahaso alipiga magoti, akaivuta ile leso, akaanza kutafuta mkasi.